Jinsi Tulivyompeleka Mama Mkwe Kuona Bahari

Tangu turudi, kila anayeleta mahindi kwenye mashine yangu ya unga hapa Kibomet, Kitale, ananiuliza swali lile lile kabla hata hajashusha gunia: "Mombasa ilikuwaje?" Nimejibu mara nyingi huku mota inanguruma, na majibu yangu yamezaa uvumi. Wapo wanaosema tulifukuzwa kwenye treni. Wengine ati mama mkwe wangu alichukuliwa na mawimbi. Hakuna aliyefukuzwa wala aliyechukuliwa. Nimeandika haya ili anayetaka kujua asome akisubiri unga wake.

Habari za tiketi na kutafuta nyumba nimeziacha, kwa sababu hazina faida kwa mtu yeyote. Lakini kuna mambo mawili ambayo msomaji asipoyajua hataelewa kwa nini watu wazima watatu walikaa Mombasa siku tatu bila kufika baharini.

La kwanza ni macho. Mama ya mke wangu Nafula anaishi Matulo, karibu na Webuye. Watoto humwita Kukhu, yaani nyanya, nami nitamwita hivyo hapa. Ana ugonjwa wa sukari, na sukari imeingia machoni. Daktari alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Kwa sasa anaona vizuri kitu kilicho ndani ya hatua kumi. Kinachozidi hapo kwake ni ukungu. Kukhu aliposikia hayo hakulia. Alisema, mbele ya watoto, "Basi nipelekeni nione bahari. Nimeiimba kanisani tangu nikiwa msichana na sijui inafanana na nini. Nikishaiona, macho yaende yakitaka."

La pili ni heshima. Kwetu sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Hakuna chuki ndani yake. Mimi na Kukhu tumeishika desturi hiyo miaka tisa bila kosa. Tukiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtoto. Mtoto mwenyewe ni Nekesa, binti yangu wa miaka saba, ambaye amekuwa na kazi hiyo tangu ajue kusema. Mdogo wake, Simiyu, ana miaka mitatu na hana kazi.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea katika vitabu vikuukuu ambavyo wenye maduka hununua kwa kilo ili wafungie sukari. Kwa hiyo niliitayarisha safari kama ninavyotayarisha mashine kabla ya msimu. Niliandika ratiba katika daftari, yenye safu ya saa, safu ya mahali, safu ya mafunzo ambayo watoto wangepata, na safu ya kukojoa. Bahari niliipa siku ya kwanza, saa kumi jioni, dakika tisini.

Kibomet hadi Matulo

Ingekuwa rahisi Kukhu aje Kitale tuanzie safari kwangu, lakini mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Kwa hiyo jirani alitushusha na gari lake hadi Webuye, tumchukue tupande basi la Nairobi hapo.

Tulimkuta kando ya barabara amevaa viatu vya kanisani, na kando yake kikapu chenye kuku wawili waliokaushwa, ndizi mbivu na ugali wa wimbi uliofungwa kwenye majani. Aliponisikia akajifunika mtandio usoni. Mimi nikageukia upande wa kiwanda cha karatasi cha Webuye.

"Nekesa," Kukhu akasema, "mwambie babako nashukuru kwa safari."

"Baba, Kukhu anasema anashukuru kwa safari."

"Mwambie asijali."

"Kukhu, baba anasema usijali na pia niketi dirishani."

Sikuwa nimesema habari ya dirisha. Nilichukulia kuwa ni jambo dogo, na hilo ndilo kosa la kwanza katika safari hii.

Webuye hadi Nairobi

Nilikaa nyuma ya dereva. Kukhu, Nafula na watoto walikaa kiti cha mwisho. Kati yetu palikuwa na urefu wa basi zima, na Nekesa aliutembea mara nyingi kiasi kwamba kondakta alichoka.

"Huyu mtoto ni wa nani? Si akae chini bana!"

"Ana ujumbe," nikamwambia.

"Ujumbe gani hauishi?"

Ujumbe ulikuwa kwamba Kukhu ananiomba nitazame mbele, kwa sababu dereva ana kioo na kioo hicho kinanionyesha nyuma.

Mtu wa sukari lazima ale kwa saa yake. Lakini Kukhu hawezi kula mahali nilipo. Tulipofika Nakuru nilishuka nikasimama nyuma ya choo cha kituo dakika ishirini na tano ili mama wa watu ale. Nilikuwa peke yangu hapo, isipokuwa askari wa kituo aliyeniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu. Kisha Nekesa akaja na firigisi mkononi. Firigisi kwetu ni ya mkwe. Kukhu aliitoa kwenye kuku wake na kunitumia kwa heshima zote. Ilinifikia ikiwa imepungua robo.

"Nani ameuma hapa?"

"Ilikuwa tu hivyo," Nekesa akasema.

Hilo nalo nililiacha lipite.

Nairobi hadi Mombasa

Tulilala kwa binamu ya mke wangu. Mimi nililala kwa jirani wa binamu. Asubuhi tukapanda treni.

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu reli, upana wake, uzito wa vichwa vya treni, hata namna mataruma yanavyotengenezwa. Sikuwa nimesoma kwamba viti vya behewa letu vinatazamana, magoti kwa magoti, kama watu wanaogombana. Namba yangu ilikuwa mbele kabisa ya namba ya Kukhu. Yeye alijifunika mtandio wote, akawa kama kiti kilichofunikwa nguo. Mimi nilisimama kwenye njia. Upande wa pili aliketi kijana mwenye visikizio masikioni.

"Niaje mzee, mbona umesimama?"

"Naomba tubadilishane kiti."

"Kwani hicho kiko na shida?"

"Hapana. Mbele yake ameketi mama mkwe wangu."

Akachungulia. "Na yeye ako na shida gani?"

"Hana shida."

"Sasa?"

"Siwezi kukaa nikimtazama."

Kijana akatoa kisikizio kimoja. "Mzee, hata mimi kuna watu wa familia sipendi kuwatazama. Lakini nakaa tu."

Nilimweleza desturi kwa ufupi, kwa dakika kama sita. Alikubali, nadhani ili ninyamaze. Nikaketi mahali pake, mgongo ukiwa kwa Kukhu, nikasoma gazeti la mtu wa jirani upande uliokuwa unaonekana. Nyuma yangu nikasikia karatasi zikifunguliwa, kisha harufu ya kuku. Tulipokaribia Voi kijana akaja kuninong'oneza.

"Mzee, mama mkwe wako ni mtu poa sana. Ati amenipa firigisi."

Kuku wa pili alikuwa amekwisha. Kukhu, baada ya miaka tisa ya kumlisha mkwe asiyeonekana, alikuwa amepata mtu wa kukaa mbele yake na kula, na sikuona njia ya kulalamika.

Mombasa, siku mbili na nusu

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa upande wa Kisauni, ndani ndani, mbali na maji. Mwenyewe anaitwa Bi Mwanaisha, mwanamke mpole ambaye alishangaa kuona nimelipia chumba cha peke yangu mwisho wa ua. Ijumaa saa kumi kasoro robo nilikuwa tayari langoni na daftari. Nekesa akaja mbio.

"Baba, Kukhu amesema amechoka. Bahari ni kesho."

Hilo lilikuwa na maana. Nikahamisha mstari.

Jumamosi asubuhi: "Baba, Kukhu anasema anataka kuona kwanza pembe za ndovu." Nilishangaa kwamba anazijua, lakini nikafurahi kuona mama mkwe ana hamu ya maarifa. Tukaenda kwenye pembe hizo, zinazopita juu ya barabara. Niliwaeleza watoto kwamba si pembe za kweli, ni alumini, nikaeleza na alumini inavyopatikana. Simiyu alitazama lori la taka kwa dakika kumi na mbili bila kupepesa. Nekesa alihesabu tuktuk, akafika thelathini na tisa, akaanza upya. Kukhu alikuwa hatua ishirini nyuma yetu na Nafula, akitazama ukungu.

Kutoka hapo tukaenda kwenye ngome ya kale, ambako bahari iko mbali chini ya ukuta na kwa Kukhu ni ukungu tu. Mtembeza wageni alitukaribisha, "Karibuni wageni wetu kutoka bara," akatusimulia miaka mia nne ya mizinga, njaa na usaliti kwa Kiswahili kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Simiyu aliona paka. Tangu hapo hapakuwa na ngome. Ukuta uliostahimili majeshi ulikuwa mahali pa paka kupanda, na mizinga ilikuwa mahali pa paka kujificha. Paka alipoondoka, Simiyu alilia hadi mtembeza wageni akakatiza vita moja katikati na kwenda kumtafuta. Katika safu ya mafunzo nikaandika: paka.

Jumapili: "Baba, Kukhu anaogopa bahari kidogo. Anataka mamba." Mtu anayeogopa maji na kupendelea mamba alinipa mashaka, lakini ningemuuliza nani? Kwenye shamba la mamba tuliwakuta wamelala na midomo wazi. "Imekufa," Simiyu akasema kuhusu wa kwanza. Akasema hivyo kuhusu kila mmoja, na hapakuwa na mamba aliyemkanusha.

Lipo jambo moja nililoliona nikalielewa vibaya. Mke wangu alikuwa akinijibu neno moja. Nikimwambia twende, "Sawa." Nikimwambia tule, "Sawa." Jumamosi nilihesabu sawa kumi na nne. Jumapili hata hizo zilipungua. Niliandika kwenye daftari kwamba joto la pwani hupunguza maneno ya watu wa nyanda za juu, na nikakusudia kulichunguza zaidi.

Asubuhi ya mwisho

Treni yetu ya kurudi ilikuwa Jumatatu saa tisa alasiri. Asubuhi niliamka mapema nikaenda nyuma ya jiko kufunga mfereji uliokuwa ukidondoka, kwa kuwa sauti hiyo ilininyima raha siku tatu. Nilikuwa nimechuchumaa na spana, ukuta kati yangu na jiko, niliposikia Bi Mwanaisha akikaanga mahamri na kuzungumza.

"Haya bibi, bahari yetu umeionaje?"

"Bado sijaiona," Kukhu akajibu.

"Hee! Siku zote hizi? Kwani ulifungiwa?"

"Ni bahari ndiyo ilikuwa imefungwa. Juzi walikuwa wanaiosha. Na jana si ilikuwa Jumapili."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Nani kakwambia bahari yafungwa Jumapili?"

"Mkwe wangu alituma mtoto aniambie. Huyo ni mtu wa kusoma sana, hawezi kusema kitu bure. Ako na daftari. Pengine ameona mimi ni mzee, hakuna haja. Nimemwambia Nafula asimsumbue."

Kwa miaka tisa sikuwa nimesema neno moja ambalo Kukhu angelisikia moja kwa moja. Sasa nikajikuta nimesema.

"Mimi sikusema hivyo."

Kifuniko cha sufuria kilianguka.

"Nani huyo?" Bi Mwanaisha akauliza.

"Ni mkwe."

"Na mbona u nyuma ya ukuta, baba?"

"Hapa ndipo mahali pangu."

Kisha Kukhu akasema polepole, "Mama, mwambie sijaisikia sauti yake."

"Asema hajaisikia sauti yako," Bi Mwanaisha akapaza, kama mtu anayezungumza na wagonjwa.

"Mwambie ashukuriwe. Na mwambie mimi nimeambiwa kila siku kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda."

Nafula akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Mimi nikatoka nyuma ya ukuta hadi umbali unaokubalika. Tukatazamana.

"Kwani si wewe uliyemnyima mama bahari?" akaniuliza.

"Wewe ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani ni daftari."

Nekesa alipatikana chini ya kitanda. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alilia kwanza, kisha akaeleza kwa ufasaha ambao mjumbe yeyote angeuonea wivu.

"Kukhu alisema akishaona bahari macho yataenda. Kama hajaona, hayaendi. Nilikuwa nataka turudi nyumbani nayo."

Hakuna aliyemkaripia. Nafula aliketi juu ya sanduku. Mimi nilitazama saa, kwa sababu nikiwa sijui la kufanya hutazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro. "Twende sasa hivi," nikasema. Bi Mwanaisha alitufuata hadi langoni akisema jambo kuhusu maji, lakini nilikuwa tayari nimesimamisha tuktuk mbili.

Ufuoni

Bahari haikuwepo.

Nasema kama nilivyoona. Palikuwa na mchanga, kisha mchanga uliolowa, kisha mawe meusi na majani yaliyolala, na mbali kabisa mstari mweupe kama uzi. Kukhu alisimama akiwa ameshika bega la Nafula, akatazama hatua zake kumi.

"Iko wapi?"

"Haiko!" Nekesa akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyesikilizwa maombi.

Nilikuwa nimesoma kina cha bahari, chumvi yake, mikondo yake na samaki wake. Kwamba inatoka na kurudi nilikuwa nimesoma pia, ukurasa mzima, wenye mchoro wa mwezi. Ila sikuwa nimefikiri kwamba jambo hilo linaweza kutokea siku tuliyoenda sisi. Nilimwendea mwanamke aliyekuwa akiuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, chini ya mwavuli.

"Maji yako wapi?"

"Yametoka, baba. Yatarudi. Hayana pa kwenda."

"Saa ngapi?"

"Yakifika."

Nikamwomba makadirio. Akatazama mchanga kama mimi ninavyotazama mkanda wa mashine. "Adhuhuri yatakuwa kwenye jiwe lile. Yawe hapa mlipo, labda saa nane."

Saa nane ndiyo saa tuliyotakiwa kuwa kituoni. Kumtembeza Kukhu hadi kwenye maji haikuwezekana. Mtu wa sukari akikatwa mguu na jiwe la baharini, kidonda hakiponi upesi, na mawe yale yalikuwa na makali. Wanaume wawili wanaokodisha tyubu za kuogelea wakaja mbio.

"Mama, tukubebe na kiti mpaka kule?"

"Mimi si maiti," Kukhu akawajibu, na wakarudi kwenye tyubu zao.

Nafula alikuwa ananitazama. Safari hii hakusema sawa. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatatu. Kila kitu kilikuwa hapo, hadi dakika ya kununua maji ya treni. Kwa mwendo wetu wa familia, na daktari alivyosema, hapakuwa na mwaka mwingine wa kumleta. Nikalifunga.

"Tutangoja."

"Na treni?"

"Itaenda. Njia inaijua."

Tukakodi kiti cha plastiki na mwavuli. Kukhu akaketi akitazama mahali bahari ingekuja, miguu pamoja, mikono magotini, kama mtu aliye katika foleni ya hospitali. Mimi nilisimama kwa mwenye viazi, nyuma. Simiyu alichimba shimo na kukataa kuondoka kwake. Ngamia wa kupigia picha alipita mara tatu. Mara zote tatu mwenye ngamia alimweleza Simiyu uzuri wa ngamia, na Simiyu akamwonyesha shimo.

Nekesa alikaa kwenye mchanga miguuni pa nyanya yake. Kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka upande wao, nilisikia.

"Kukhu, tufunge macho yako na leso. Itakuja halafu itarudi, wewe utakuwa hujaiona."

"Macho hayaishi kwa sababu ya kuona, mtoto. Yangekuwa yanaisha kwa kuona, mimi ningekuwa kipofu zamani. Si nimekuona wewe kila likizo?"

Nekesa akalifikiria hilo. "Vidole ngapi?"

"Vitatu."

Adhuhuri maji yalikuwa kwenye jiwe, kama tulivyoambiwa. Nilianza kupima kwa macho. Hatua sitini kutoka kwenye kiti. Hamsini. Kukhu hakuwa anaona kitu bado, lakini aliinua kichwa, kwa sababu sauti ilikuwa imeanza. Saa saba na nusu zilikuwa thelathini. Nafula alimvua mama yake viatu vya kanisani. Saa nane kamili, wakati wasafiri wengine walikuwa wakikaguliwa mizigo kituoni, zilibaki kama kumi na tano. Yule mwenye viazi aliacha karai lake likapoa.

Povu la kwanza lilipoingia ndani ya hatua kumi, Kukhu alisimama. Likarudi. Likaja jingine. Alilifuata kwa kichwa, mbele na nyuma, mara nyingi.

"Kumbe haitulii," akasema.

Maji yakamfikia vidole, akakunja sketi kidogo, akayaacha yapite. Baadaye aliinama akachovya kidole na kuonja, akauliza ni nani aliyeweka chumvi yote ile. Nafula alikuwa analia na kucheka. Shimo la Simiyu likajaa maji, na hapo ndipo alipoigundua bahari, akaikasirikia.

Nekesa akaja kwangu mbio bila kutumwa.

"Baba! Bado anaona! Nimemwonyesha vinne, amesema vinne!" Kisha akakumbuka kazi. "Na anasema, mwambie babako asante."

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sijaongeza."

Treni iliondoka saa tisa. Sisi tuliondoka saa kumi na moja, ngozi zikiwa zimekauka kwa chumvi, na usiku ule Bi Mwanaisha alitupikia bila kuuliza kama tuna ratiba.

Mombasa hadi Matulo

Tulirudi kwa basi kesho yake. Katika kila kituo Nekesa aliinua vidole. Mtito Andei, viwili. Nakuru, vitano. Burnt Forest, kimoja, na Kukhu akasema hicho si kidole ni ndizi, na kweli ilikuwa ndizi. Abiria wa viti vya karibu walianza kungojea jibu pamoja naye.

Tulifika Matulo mchana wa siku ya pili. Nafula na watoto walimsindikiza Kukhu hadi mlangoni kwake, nami nikabaki langoni, mahali ninaposimama siku zote, nikitazama mahindi ya jirani. Nikamsikia akisema kwa sauti, bila shaka ili nisikie:

"Nekesa, mwambie babako nimeona bahari. Nimeona hata yule kijana wa treni. Yeye ndiye sijamwona. Miaka tisa anasimama pale, na pale kwangu ni ukungu. Mwambie asogee."

"Mama!" Nafula akasema.

"Wazee wakiuliza, nitawachinjia kuku. Mwambie asogee."

"Baba," Nekesa akasema, "Kukhu anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

Nikapima kwa macho. Kutoka langoni hadi alipoketi mlangoni kwake palikuwa na hatua kumi na nne. Miaka yote hiyo sikuwahi kuzihesabu, mimi ninayehesabu kila kitu. Nikaanza kutembea. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kwenye kumi miguu ilitaka kupinda njia yenyewe kama ilivyozoea. Nikaenda hadi nane, nikavua kofia, nikasimama.

Kukhu hakujifunika. Alinitazama kama alivyoitazama bahari, bila haraka.

Nekesa hakuweza kuvumilia. "Kukhu, baba ana masikio mangapi?"

"Mawili," akasema. "La kushoto limekaa juu kidogo kuliko la kulia."

Tulipofika Kibomet nilichukua rula, nikasimama mbele ya kioo, nikapima. Ni kweli, kwa milimita nne.